Umanjano wa Mtoto Mchanga: Tujifunze Kuisoma Nyongo Mapema

Kila mchinjaji ajua kwamba akiutoboa mfuko wa nyongo, nyama iliyo karibu huharibika kwa uchungu. Kwa hiyo nyongo hutolewa kwa uangalifu, ikatupwa, na habari yake ikaisha hapo. Kwa muda mrefu wataalamu nao waliitazama nyongo karibu kwa jicho hilo hilo. Kwao ilikuwa maji ya kijani ambayo ini huyamwaga utumboni, sehemu yake ikiwa taka za mwili, na sehemu yake ikifanya kazi mfano wa sabuni, kuyavunjavunja mafuta ya chakula yapate kusagika. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi tena. Tangu mwaka 1999 imedhihirika kwamba asidi zilizomo katika nyongo hubeba pia ujumbe, na kwamba ini huusikiliza ujumbe huo linapoamua namna ya kutunza sukari, mafuta na nguvu za mwili mzima.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ujumbe huo unavyovurugika njia ya nyongo inapozibwa, kisha kutetea rai moja. Rai yenyewe ni hii: kila mtoto mchanga anayeletwa kliniki nchini mwetu, mama yake aulizwe habari za rangi ya choo chake huku akionyeshwa kadi ya rangi, na mtoto ambaye bado ni wa manjano baada ya siku 14 apimwe damu, asirudishwe nyumbani kwa maneno ya kutuliza tu. Elimu mpya ya nyongo yatufundisha kwamba katika jambo hili wakati una thamani kupita dawa.

Safari ya nyongo

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ndani yake mna maji, chumvi, kolesteroli, bilirubini na asidi za nyongo. Bilirubini ni rangi itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Asidi za nyongo huundwa na ini lenyewe kutokana na kolesteroli.

Asidi hizi hazipotei ovyo. Zikifika mwisho wa utumbo mwembamba, kama sehemu 95 katika kila 100 hufyonzwa, zikaingia katika mshipa mkuu unaotoka matumboni kwenda kwenye ini, na kurudishwa kazini. Safari hiyo ya kwenda na kurudi hufanyika mara kadhaa kila siku. Ini hulazimika kutengeneza upya kiasi kidogo tu, karibu nusu gramu kwa siku kwa mtu mzima, ili kufidia kile kilichopotea chooni.

Msomaji makini atauliza: ini lajuaje ni kiasi gani kimepotea na kiasi gani kimerudi? Nani hulipelekea hesabu? Jibu lilipatikana mwaka 1999, pale makundi matatu ya watafiti yalipotangaza, katika mwaka huo mmoja, kwamba ndani ya kiini cha seli za ini na za utumbo mna protini, iitwayo kwa kifupi FXR, ambayo hushikana na asidi za nyongo kama kufuli na ufunguo wake. Asidi ya nyongo ikiingia katika kipokezi hicho, jeni fulani huamshwa na nyingine hunyamazishwa. Jeni isimamiayo hatua ya kwanza ya kuigeuza kolesteroli kuwa asidi ya nyongo hupunguzwa kasi. Jeni za pampu zinazoitoa asidi hiyo nje ya seli huongezewa kazi.

Utumbo nao hushiriki. Ukipokea asidi za nyongo huachia homoni iitwayo FGF19, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye ini kupeleka habari ile ile, yaani shehena imefika, punguzeni utengenezaji. Mwaka 2002 kikatangazwa kipokezi kingine, TGR5, ambacho hukaa juu ya utando wa seli za aina nyingi. Kwa njia hizi nyongo hushauriana na ini juu ya mambo yanayoizidi nyongo yenyewe: sukari itunzwe au iachiwe, mafuta yaundwe au yachomwe, seli zitulie au zigawanyike.

Njia inapozibwa

Sasa na tutazame yanayotokea mrija unapozibwa. Kwa mtu mzima kizuizi chaweza kuwa kijiwe kilichotoka katika mfuko wa nyongo, au uvimbe katika kichwa cha kongosho. Kwa mtoto mchanga ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni ule ambao mirija ya nyongo iliyo nje ya ini huvimba, ikaingia makovu na kuziba kabisa katika wiki za kwanza za maisha. Madaktari huuita atresia ya nyongo. Mtoto huyu huzaliwa akiwa na uzito wa kawaida, hunyonya vizuri na hulia kwa nguvu. Dalili zake ni mbili tatu tu, nazo zote ni za rangi.

Seli za ini huanza kwa kujihami. Milango inayopokea asidi za nyongo kutoka katika damu hupunguzwa. Utengenezaji wa asidi mpya hupunguzwa pia. Kisha hufunguliwa milango ya nyuma, ili ziada imwagwe katika damu na figo ziitoe kwa mkojo. Bilirubini iliyokwisha kutayarishwa na ini hufuata njia hiyo hiyo ya nyuma. Ndiyo sababu mkojo wa mtoto, ambao kwa kawaida hauna rangi, hugeuka kuwa kama chai ya rangi na kuacha doa katika nepi, huku choo chake kikipauka hadi kufanana na chokaa au udongo wa mfinyanzi. Tena, kwa kuwa utumbo haupati nyongo, habari iliyokuwa ikitoka huko hukatika. Kwa wagonjwa walioziba mrija imeonekana kwamba ini lenyewe huanza kutengeneza FGF19, mfano wa kijiji kilichokatiwa barabara ambacho huanza kujifulia chuma chake chenyewe.

Kujihami huko kuna gharama, kwa kuwa ini ndilo ghala la chakula cha mwili. Majaribio ya panya waliofungwa mrija wa nyongo yameonyesha kwamba akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa katika ini, hupungua, na kwamba mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuchoma mafuta. Kolesteroli isiyopata njia ya kutoka hurundikana katika damu, pamoja na chembe ya mafuta isiyo ya kawaida iitwayo lipoprotini X. Kule utumboni mafuta ya maziwa hayasagiki vizuri pasipo nyongo, na pamoja nayo vitamini A, D, E na K hupotea chooni. Upungufu wa vitamini K huzuia damu kuganda. Mtoto aweza kutokwa damu kitovuni, puani au, lililo baya kuliko yote, ndani ya fuvu, kabla hata ya mtu kushuku kwamba ana ugonjwa wa ini.

Zamani ilidhaniwa kwamba asidi za nyongo huunguza seli moja kwa moja, kama sabuni kali iunguzavyo mikono ya dobi. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kuna hatua nyingine katikati. Seli za ini zilizojaa asidi za nyongo hutoa kemikali za kuziita chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zikifika hushiriki kwa kiasi kikubwa katika uharibifu. Kisha ishara nyingine, na hasa ile iitwayo TGF-beta, huziamsha seli za nyota, ambazo mwanasayansi Karl von Kupffer alizieleza mwaka 1876. Katika ini lenye afya seli hizo hukaa kimya zikitunza vitamini A. Zikiamshwa huiachilia vitamini hiyo na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Nyuzi zikizidi, ini hukakamaa, damu hushindwa kupita kwa urahisi, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio huvimba hata ikaweza kupasuka.

Ujumbe mmoja, maana zaidi ya moja

Hapa ndipo penye kiini cha rai yangu. Mtu aweza kusema: kama madhara haya huletwa na ishara za seli, basi na tutafute dawa ya kuzima ishara hizo, nasi tutakuwa tumemaliza kazi. Mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba panya waliokatwa sehemu ya ini huliotesha upya kwa haraka zaidi wanapoongezewa asidi ya nyongo katika chakula, na kwamba panya wasio na kipokezi cha FXR huchelewa kuliotesha. Asidi zile zile zinazoshutumiwa kuliharibu ini ni sehemu ya amri ya kulijenga upya. Mwaka 2018 watafiti waliwachunguza panya waliozaliwa bila mirija midogo ya nyongo ndani ya maini yao. Waliona kwamba seli za kawaida za ini ziliacha kazi yake ya asili, zikageuka kuwa seli za mirija, na kujenga mfumo mpya wa mirija uliofanya kazi. Ishara iliyoziongoza ilikuwa TGF-beta, ile ile inayoamrisha makovu.

Dawa nazo zimetoa funzo. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha asidi ya obetikoli, dawa inayoiga ujumbe wa FXR, kwa watu wazima wenye ugonjwa ambamo kinga ya mwili huishambulia mirija midogo ya nyongo. Mwaka 2021 nchi hiyo hiyo ilikataza dawa hiyo kwa wagonjwa ambao ini lao limekwisha kukakamaa sana, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo waliharibikiwa zaidi. Mwaka 2024 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakapendekeza idhini yake ifutwe, kwa kuwa faida iliyotarajiwa haikuthibitika. Mwaka 2021 zikaidhinishwa dawa za kuuzuia utumbo usifyonze asidi za nyongo, nazo huwapunguzia mwasho watoto wenye magonjwa fulani ya kurithi. Lakini dawa hizo ni za bei kubwa mno, na hakuna hata moja kati yake iwezayo kufungua mrija uliokwisha kugeuka kovu.

Fundisho ninalolipata ni kwamba ujumbe wa nyongo hauna maana moja ya kudumu. Maana yake hutegemea hali ya ini linaloupokea na siku ambayo ujumbe unafika. Katika ini ambalo bado ni laini, waweza kuwa amri ya kujenga. Katika ini lililokakamaa, amri hiyo hiyo hukuta mafundi waliokwisha kuzoea kufuma makovu. Taifa lisilo na fedha za kununua dawa za gharama kubwa halipaswi kukata tamaa kwa sababu hiyo. Lina kila sababu ya kushindana mahali ambapo fedha si nyenzo ya kwanza, yaani kwenye kalenda.

Siku sitini

Mwaka 1959 daktari mpasuaji wa Kijapani, Morio Kasai, alitangaza upasuaji wa kuwasaidia watoto wenye atresia ya nyongo. Mirija iliyokufa huondolewa, kisha kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe huunganishwa na uso wa chini wa ini, mahali ambapo mirija midogo sana bado ipo wazi, ili nyongo ipate kumiminika. Upasuaji huu unaofahamika kwa jina lake hufaulu vizuri zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Kadiri siku zinavyozidi, ndivyo mirija midogo inavyoendelea kufungwa na makovu.

Haifai kuupamba upasuaji huu kupita kiasi. Hauwaponyi wote, na wengi wa wale wanaofaulu huja kuhitaji ini jingine baadaye. Lakini kwa mtoto asiyepasuliwa kabisa, kwa kawaida ini hushindwa na maisha hukatika katika miaka miwili mitatu ya mwanzo. Upandikizaji wa ini, ambao Thomas Starzl aliujaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Denver, Marekani, kwa mtoto mwenye ugonjwa huu huu, na ambao alifaulu kuufanya mwaka 1967, wahitaji mtoaji wa ini, wapasuaji wengi na dawa za maisha yote. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ini la mtoto huyu ukuta hujengwa na seli zake mwenyewe.

Waliotutangulia

Huko Japani, mkoa wa Tochigi ulianza mwaka 1994 kuwapa akina mama kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto. Taiwan ilifanya majaribio mwaka 2002 na kuitumia kadi hiyo nchi nzima tangu mwaka 2004, ikiwa ndani ya daftari la afya la mtoto. Kadi yenyewe ni karatasi: safu ya rangi zilizopauka, safu ya rangi za kawaida, na maneno machache ya kumwelekeza mzazi.

Kabla ya kadi, watoto wa Taiwan waliopasuliwa kabla ya siku 60 walikuwa chini ya nusu ya wagonjwa. Mwaka 2005 walifikia karibu robo tatu. Watoto waliotimiza miaka 5 baada ya upasuaji wakiwa na ini lao wenyewe, bila umanjano, waliongezeka kutoka kama 27 katika kila 100 hadi kama 64. Katika hesabu hiyo hamna dawa mpya wala mashine mpya. Kilichobadilika ni siku ambayo mtoto alifikishwa mbele ya mpasuaji.

Kwa nini sisi hasa

Kuna sababu za kwetu wenyewe zinazolifanya jambo hili kuwa la maana zaidi hapa. Kwanza, umanjano wa ngozi hauonekani kwa urahisi katika ngozi nyeusi. Huna budi kutazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Na mtoto mchanga hutumia saa nyingi macho yakiwa yamefumba. Rangi ya choo haitegemei rangi ya ngozi. Kwa hiyo kipimo hiki ambacho wengine walikibuni kwa urahisi wake, kwetu kina faida ya nyongeza.

Pili, ni lugha. Katika mazungumzo ya kila siku maneno "homa ya manjano" hutumiwa kwa ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, kwa uvimbe wa ini utokanao na virusi vingine, na hata kwa mtoto mchanga asiye na homa yoyote. Jina moja likibeba magonjwa mengi, mama na mhudumu wa zahanati waweza kudhani wanaelewana kumbe kila mmoja azungumzia jambo lake. Yafaa "homa ya manjano" liachiwe ugonjwa wa mbu, na "umanjano" litumike kwa dalili yenyewe. Kisha watu wafundishwe kwamba umanjano wa mtoto ni wa namna mbili. Ule ambao bilirubini yake haijashughulikiwa na ini huwapata watoto wengi katika wiki ya kwanza, na kwa walio wengi huisha wenyewe, ingawa ukizidi sana huweza kudhuru ubongo na hutibiwa kwa taa. Ule wa pili, ambao bilirubini imekwisha kupita kwenye ini lakini haikupata njia ya kutoka, haupaswi kuitwa wa kawaida hata siku moja.

Tatu, ni desturi ya kumwanika mtoto juani. Mwanga hubadilisha bilirubini ya namna ile ya kwanza. Haufungui mrija uliozibwa. Mtoto mwenye choo cheupe akiendelea kuanikwa kila asubuhi, kinachopungua ni zile siku 60. Aidha, mama asiachishwe kunyonyesha kwa kudhani kwamba maziwa yake ndiyo yenye makosa. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wanyonyao hubaki wa manjano kwa wiki kadhaa pasipo madhara, lakini choo chao huwa cha njano au kijani, na kipimo cha damu huwatofautisha.

Nne, ni kalenda yetu ya chanjo. Mtoto huletwa kliniki akiwa na wiki 6, yaani siku ya 42. Hapo zimebaki siku 18 tu. Anayetambuliwa siku hiyo na kupelekwa hospitali ya rufaa bila kusita bado ana nafasi nzuri. Anayeambiwa arudi katika wiki ya 10 atakuwa na siku 70.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba ugonjwa huu ni wa nadra, nasi tuna malaria, nimonia na utapiamlo. Na tupige hesabu. Huko Ulaya hupatikana mtoto 1 katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Taiwan ni wengi zaidi. Nchini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka. Kwa kiwango cha Ulaya, hao ni watoto 100 na zaidi kwa mwaka. Tena kadi haiwatafuti hao peke yao. Choo kilichopauka na umanjano usiokwisha hutoa pia habari za uvimbe wa kuzaliwa nao wa mrija wa nyongo, ambao mpasuaji aweza kuuondoa. Na kile kipimo cha damu cha baada ya siku 14 huwafichua watoto wenye kaswende ya kurithi kutoka kwa mama na wenye maambukizo ya damu, magonjwa ambayo dawa zake tunazo.

Pingamizi la pili ni kwamba wauguzi wetu wameelemewa. Ni kweli, na si haki kuwaongezea mzigo usio na faida. Lakini kuonyesha kadi na kuuliza "choo chake kinafanana na kipi?" ni kazi ya muda mfupi kuliko kumpima mtoto uzito. Kwa kuwa anayefua nepi mara nyingi ni bibi au msaidizi wa nyumbani, kadi ikae nyumbani ambako wote wataiona, akina baba wakiwamo.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Yasemwa: twawatambue kwa nini watoto ambao hatuna wapasuaji wa kutosha wa kuwatibu? Nami nauliza: mpasuaji atapataje uzoefu ikiwa kila mtoto humfikia akiwa na miezi minne, ini likiwa gumu? Ustadi wa upasuaji huu hukua kwa kuletewa wagonjwa kwa wakati, na kwa kuwakusanya katika hospitali chache zilizochaguliwa badala ya kuwatawanya. Ugunduzi wa mapema na ujuzi wa matibabu havina budi kukua pamoja, na kimoja kikisubiri kingine, vyote viwili vitadumaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na hapa tumbo linaloumia ni la mtoto.

Mambo ya kufanya

Napendekeza mambo matano. La kwanza, kadi ya rangi ichapwe ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, kwa Kiswahili chepesi, baada ya kujaribiwa na akina mama wa mjini na vijijini, mchana na kwa mwanga wa taa, maana rangi iliyochapwa vibaya itapotosha badala ya kuongoza. La pili, swali la choo na mkojo liulizwe katika ziara ya wiki ya pili baada ya kujifungua na kurudiwa siku ya chanjo ya wiki 6. La tatu, maabara za hospitali za wilaya zipewe vitendanishi vya kupima bilirubini kwa mafungu yake mawili, kwa sababu jumla peke yake haitofautishi umanjano mmoja na mwingine. La nne, mtoto anayeshukiwa apewe sindano ya vitamini K na barua ya rufaa siku hiyo hiyo, na tarehe atakapotimiza siku 60 iandikwe kwa wino mwekundu juu ya barua hiyo. La tano ni kazi ya watafiti: kuwepo daftari la taifa la watoto wenye kuzibwa nyongo, likionyesha siku walipotambuliwa, siku waliyopasuliwa na hali zao baadaye.

Elimu ya ishara za seli haijatupatia dawa ya kuufungua mrija uliozibwa, na kazi ya kuitafuta iendelee, hata katika vyuo vyetu. Wakati huo huo imetuonyesha kwamba ini la mtoto hutoa taarifa zake mapema, katika nepi, kwa rangi ambayo mtu asiyejua kusoma aweza kuitambua. Na tuanze na wilaya moja ya mjini na moja ya vijijini kwa miaka miwili. Kipimo cha kufaulu kiwe kimoja: watoto wangapi waliozibwa nyongo walifika mbele ya mpasuaji kabla ya siku ya 60, na wangapi walifika baadaye.